Kuku si Mkungu wa Ndizi

*Shikamoo bwana mifugo. Broila wanadungwa homoni ndiyo maana wanakua haraka? (Ipuli, Tabora)*

Marahaba. Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Hapana: ni mbegu na chakula. Wiki 5 au 6 yuko sokoni, na wengine miguu inashindwa kubeba hicho kifua unachokitamani. Mwogope anayewapa antibiotiki leo, kesho anauza, dawa ikiwa bado nyamani.

*Kufunga kuku miguu na kuwaning'iniza kwenye pikipiki kuna ubaya gani? Wazee walifanya hivyo. (Urambo)*

Wazee walimpeleka jogoo mmoja ukweni, tena kwapani. Wewe unaning'iniza thelathini mpaka Tabora mjini, juani. Kuku hana ule utando unaotenga kifua na tumbo. Ukimgeuza kichwa chini, matumbo yanalalia mapafu na pumzi inakuwa shida. Juzi nilisimama nyuma ya bodaboda mmoja: jogoo mwekundu, mdomo wazi, ulimi nje, kichwa kinagonga rimu kila penye shimo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Tenga ni bei gani kwani? Na wewe mnunuzi usijitoe: akifia njiani, jioni unauziwa kibudu.

*Nimeshauriwa nifuge kuku wa mayai kwenye keji, eti ndiyo ufugaji wa kisasa. (Nzega)*

Kisasa cha nani? Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku keji zile tupu, vizimba vya waya visivyo na kiota wala kichanja, tangu Januari 1, 2012. Kila kuku alikuwa na sentimita za mraba 550. Chukua karatasi ya A4, weka chini: hiyo ni kubwa zaidi. Hapo hakunjui bawa, hakwaruzi, hana pa kutagia kwa faragha. Mwaga maranda, weka viota na vichanja. Mayai ya sakafuni utayaokota, mgongo hautavunjika.

*Wanadonoana. Niwakate midomo? (Isevya)*

Hujaniambia banda lina ukubwa gani wala wako wangapi. Wapunguze, fifisha mwanga, ongeza protini, kisha uniandikie.

*Nimenunua koti la mtumba lenye kola ya manyoya. Nitajuaje kama ni ya mnyama? (Ujiji)*

Chomoa unyoya mmoja uchome. Ukinuka plastiki, vaa. Ukinuka kama nywele zilizoungua, alikuwa mnyama, huenda minki, kanyama kadogo ka manyoya laini, anayefugwa kwenye kizimba cha waya, ndugu yake keji. Mwaka 2020 Denmark iliamuru minki wake wote wa kufugwa wauawe kwa hofu ya korona, mamilioni kwa mamilioni. Ila mwanangu, kwa joto la Ujiji, koti la manyoya la nini?