Kabla hujaandika "aina mpya"

Ninyi mnaoanza kazi ya kuchunguza mimea ya matunda na ya dawa, jani msiliamini haraka. Mwaka wangu wa kwanza kitaluni nilikuta mirehani miwili. Wa kivulini ulikuwa na majani mapana, laini, mepesi hata mwanga unapenya. Wa juani majani yake madogo, mazito, ukiyagusa tu harufu inabaki vidoleni. Nikaandika aina mbili. Mzee aliyenifundisha kazi akanionyesha shina mama: yote miwili ilitokana na vipandikizi vyake. Tukaihamishia tuta moja. Majani ya zamani yalibaki vilevile, lakini machipukizi mapya yalitoka yakifanana.

Kwa hiyo mkitaka kutenganisha cha urithi na cha mahali, gawanyeni mmea mmoja mkaupande sehemu mbalimbali. Watafiti watatu wa mimea, Clausen, Keck na Hiesey, walifanya hivyo California kwa Achillea, mmea wa dawa wa tangu zamani: vipande vingine karibu na usawa wa bahari, vingine kama mita 1,400, vingine zaidi ya mita 3,000. Mmea uleule ulistawi huku, ukadumaa kule. Lakini waliyoitoa milimani ilibaki mifupi hata ilipopandwa bondeni pamoja na mirefu, maana urithi nao una sehemu yake. Miche ya mbegu haifai kwa jaribio hili. Mbegu za tunda moja la tufaha hazitoi miti inayolingana.

Kwenye matunda, rangi ndiyo inayowapoteza wengi. Chungwa lililoiva kabisa hubaki kijani pale ambapo usiku haupoi, kwa kuwa ubaridi ndio unaosaidia ganda kupoteza kijani chake. Basi mkitaka kujua kama limeiva, pimeni sukari na uchachu wa maji yake, si rangi.

Kwenye dawa naomba umakini zaidi, kwa sababu kuna mtu atakayeinywa. Mnanaa wa pilipili uliokulia kwenye siku fupi huwa na mentholi kidogo, ile dawa yake yenye ubaridi mdomoni, ingawa kwa macho ni mnanaa tu. Umri wa jani nao hubadilisha kilichomo. Basi kila sampuli iende na kibandiko chake: mwinuko, kivuli, maji, mbolea, jani la ngapi kutoka kileleni, na saa ya kuchuma. Andikeni palepale shambani, kabla mfuko haujafungwa.