Paka kwenye piano: maswali yenu kuhusu The Cat Concerto

Mmeuliza sana kuhusu ile katuni ya Tom and Jerry, Tom kapiga suti nyeusi anacheza piano mbele ya watu na Jerry kalala humo humo ndani ya piano. Inaitwa The Cat Concerto, ya studio ya MGM, 1947. Haya twende.

Swali: Vidole vya Tom vinagusa noti kweli au tunazugwa?
Jibu: Sehemu kubwa ni kweli kabisa. Piano ilirekodiwa kwanza ndo wachoraji wakachora kuufuata muziki, na kwa vile sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, unaweza kujua kila noti imeangukia fremu ya ngapi, sasa hapo unachora kidole kikitua palepale, kwa mkono, hakuna kompyuta. Mpiga piano yeyote akiiangalia atakwambia.

Swali: Ngoma yenyewe inaitwaje?
Jibu: Hungarian Rhapsody No. 2 ya Franz Liszt. Ila pale katikati Jerry anaporukaruka juu ya nyundo za piano muziki unageuka jazi, huo ni On the Atchison, Topeka and the Santa Fe, wimbo wa filamu ya MGM haohao ya 1946. Wamejipigia promo kimyakimya 😄

Swali: Bugs Bunny naye ana katuni kama hii hii, nani kamkopi mwenzie?
Jibu: Hiyo kesi haijaisha mpaka leo. Rhapsody Rabbit ya dairekta Friz Freleng pale studio ya Warner Bros. ilitoka Novemba 1946, Liszt yuleyule, panya ndani ya piano, na panya ndo anamaliza shoo. Kila studio ikadai imeibiwa. Kuna wanaosema maabara ya Technicolor, iliyokuwa inasafisha filamu za rangi za studio zote mbili, ilipeleka filamu ya hawa kwa wale kimakosa, ila ushahidi hamna. Ya Tom ikabeba Oscar Machi 1947, kabla hata haijaanza kusambazwa rasmi kwenye majumba ya sinema, ya Bugs hata kuteuliwa haikuteuliwa. Mimi kwa kucheka namchagua Bugs, kwa uchoraji Tom hana mpinzani.

Swali: Nani anapiga mayowe ya Tom kwenye zile katuni nyingine?
Jibu: William Hanna mwenyewe, mmoja wa madairekta wawili wa Tom and Jerry, mwenzake ni Joseph Barbera.

Swali: Kwa hiyo Hanna na Barbera ndo walipanda jukwaani kuchukua Oscar?
Jibu: Wapi! Tom and Jerry ilishinda Oscar 7 na aliyekuwa anazipokea ni prodyuza Fred Quimby, wao waliobuni na kudairekti wanabaki kupiga makofi.