Dubai ya simu: jibu kwa mnaouliza

Ndugu zangu mnaojipanga kuja Dubai, mnauliza kama ni kweli kila kitu mjini sasa hufanywa kwa simu na kama mtu wa kawaida anauweza. Anauweza, ila kwanza mji uwe umemtambua. Kinachokutambulisha ni kitambulisho cha ukaazi, Emirates ID. Laini ya simu inasajiliwa kwacho, akaunti ya benki vilevile, na hata UAE Pass, programu ya kuingilia huduma za serikali na kusaini nyaraka. Hapo ndipo watu wengi hukwama. Kitambulisho kikiisha muda na usipopeleka kipya kampuni ya simu, laini inafungwa. Laini ikifungwa, namba za uthibitisho ambazo benki yako bado inatuma kwa SMS haziingii. Pesa unayo lakini huenda usiiguse. Zikipita siku 30 tangu kitambulisho kiishe muda, faini ni dirham 20 kila siku mpaka zifike 1,000. Kama mwajiri ndiye anayekihuisha, mkumbushe mapema, tena kwa maandishi.

Usafiri kwa kweli ni raha. Metro ilianza 2009 na treni zake hazina dereva. Kadi ya kulipia nauli, Nol ya aina ya Silver, ni dirham 25, ndani mna salio la 19. Safari ya kanda moja ni dirham 3, kanda mbili zinazopakana 5, zaidi ya hapo 7.5. Gusisha kadi ukipanda na ukishuka, hata kwenye basi. Ukisahau wakati wa kushuka unakatwa nauli ya juu. Ukihama treni kwenda basi ndani ya dakika 30, inahesabika safari moja. Kutafuna bigijii au kunywa maji ndani ya behewa ni faini ya dirham 100, sawa na mwanaume kupanda behewa la wanawake.

Lakini metro haijafika kila penye kodi nafuu. International City inasubiri Blue Line, njia mpya ya metro iliyopangwa kufunguliwa 2029, na Sonapur, kwenye kambi nyingi za wafanyakazi, ni basi tu. Kabla ya kulipia kitanda kwenye chumba cha kushirikiana, pima mwendo wa miguu hadi kituoni ukijua jua la Agosti, kisha uliza kama jina lako litaingizwa kwenye Ejari, usajili wa mikataba ya nyumba. Kuleta familia kunahitaji Ejari yenye jina lako.

Kuhusu mshahara, tangu 2009 kampuni hulipa kupitia WPS, mfumo wa serikali wa kulipa mishahara kielektroniki, na wizara ya kazi inaona aliyechelewesha. Wafanyakazi wa ndani hawakuwekwa humo mwanzoni, na hao ndio dada zetu wengi. Dada, uliza kabla ya kusaini: nitalipwa benki au mkononi? Ukiambiwa mkononi, dai risiti iliyosainiwa kila mwezi, ipige picha na uitume nyumbani siku hiyohiyo. Ujumbe na picha za WhatsApp zinapita. Zilizozuiwa ni simu za sauti na video, na kwa hizo watu hutumia programu ya Botim.