Krimu mbili, ugomvi mmoja

*Shangazi, shikamoo. Wiki ya tatu sasa sebule haipakwi. Mimi nataka rangi ya krimu ya mchanga, mume wangu kachagua nyingine. Muuzaji anasema ni zilezile. Mimi naona ya mume wangu ina uwaridi kwa mbali, naye anasema nina langu jambo. Sebule ni mita 4 kwa 3.5, dirisha linatazama magharibi, vigae vyekundu, balbu nyeupe. — Mama Wawili, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Macho yako ni mazima. Wekeni kadi za sampuli za rangi zote mbili juu ya karatasi nyeupe kabisa: uwaridi uliojificha utajitokeza. Bila cheupe pembeni, jicho huzoea haraka na kila krimu huonekana krimu tu.

Kisha nunueni kikopo kidogo cha kila moja. Msijaribie ukutani, rangi ya zamani itawadanganya. Chukueni vipande viwili vya hadibodi, sentimita 50 kwa 50, praima (rangi ya msingi) kwanza, halafu mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, mkiacha ukingo mweupe. Subirini hadi kesho yake, maana rangi ya maji ikikauka hukolea. Visimamisheni ukutani, msivilaze, mkaviangalie saa 3 asubuhi, saa 11 jioni na usiku taa ikiwaka.

Saa 11 ndipo kesi itakapoamuliwa. Jua la magharibi huingia na wekundu wake, vigae vinaongeza wao, na ukuta wenye uwaridi unageuka rangi ya pichi. Ya mchanga itapata joto kidogo tu. Usiku, balbu nyeupe ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga) hufanya krimu ionekane imepauka. Wekeni ya kelvini 3000, yenye mwanga wa manjano, kabla ya kulaumu rangi. Kwa sebule hii, ushindi ni wako.

Usimtambie. Kuna kazi bado. Kuta zenu zikiwa na kimo cha mita 2.8 ni mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, zibaki kama 38. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, basi mikono miwili ni lita 8. Nunueni makopo mawili ya lita 4 siku moja na kuyachanganya kwenye ndoo moja, kwa kuwa rangi ya kuchanganywa kwa mashine hutofautiana kidogo kopo kwa kopo, na tofauti hiyo hujionyesha katikati ya ukuta. Penye skimu mpya (lipu laini ya kusawazisha ukuta) fundi asiruke praima, la sivyo ukuta utainywa rangi na kutoka mabaka.

Ya mumeo ipelekeni chumbani, ilimradi huko vigae si vyekundu pia.