Kabla ya Kukanyaga Cherehani: Ushauri kwa Anayeanza Kujishonea Nguo

Wengi wanaoanza kujishonea nguo huelekeza hofu yao yote kwenye cherehani. Huuliza ni ipi wanunue, ina mishono mingapi, ni ya kukanyaga au ya umeme, na huahirisha kuanza mpaka wapate jibu. Kwa uzoefu wangu, cherehani ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika kazi hii. Mshono mnyoofu na mshono wa zigizagi hutosha kwa karibu kila vazi la kawaida, na mkono huuzoea mwendo wa mashine kwa kushona vipande chakavu jioni kadhaa. Nguo hupendeza au huharibika mapema zaidi, pale mezani, wakati kitambaa kinachaguliwa, mwili unapimwa na mkasi unaingia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ushauri huu inahusu mambo yanayofanyika kabla ya mashine kuguswa.

Tuanze na ubunifu wenyewe. Anayetaka kubuni nguo yake kwa kawaida huchukua penseli na kuchora mtu kama anavyochorwa na wabunifu wa mitindo, na hapo hudanganyika bila kujua. Katika michoro hiyo mtu hupewa urefu wa vichwa 9 hivi, ilhali mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa 7 na nusu, na nyongeza hiyo karibu yote huwekwa kwenye miguu. Sketi inayoonekana fupi na nyepesi kwenye mchoro wa namna hiyo huweza kuukata mwili mahali pabaya ikivaliwa. Njia ninayoiamini ni kupigwa picha ukiwa umesimama wima, umevaa nguo zinazobana, kamera ikiwa usawa wa kiuno, kisha kuweka karatasi nyepesi juu ya picha hiyo na kuchora vazi juu ya mwili wako halisi. Utaona kiuno kinaangukia wapi hasa, mabega yana upana gani yakilinganishwa na nyonga, na pindo likishushwa kidogo chini ya goti umbo zima linabadilikaje. Mchoro huo hautakuwa mzuri wa kuonyesha watu, lakini utakuwa wa kweli, na kwa mshonaji ukweli wa mchoro una thamani kuliko uzuri wake.

Usianze kwa kubuni kila kitu upya. Chukua vazi unalolipenda, linalokukaa vizuri, na ubadilishe jambo moja tu: shingo, urefu wa mkono, au mahali pa mfuko. Vazi hilo linaweza kunakiliwa bila kufumuliwa. Tandika karatasi juu ya kadibodi laini, laza vazi juu yake sehemu moja baada ya nyingine likiwa limenyooshwa lakini halijavutwa, kisha choma pini kando ya mishono ili zitoboe karatasi. Ukiliondoa vazi, unganisha vitundu hivyo kwa mstari, halafu ongeza nafasi ya mshono, sentimita 1.5 pembeni na sentimita 3 au 4 kwenye pindo. Hicho ndicho kiolezo chako cha kwanza, na kitakufundisha umbo la nguo kuliko maelezo yoyote, kwa kuwa utashangaa kuona kwamba kipande cha mbele na cha nyuma havifanani, na kwamba sehemu ya juu ya mkono si nusu duara iliyolingana pande zote. Jihadhari na jambo moja tu: kiolezo kilichotokana na nguo inayovutika, kama fulana, hakifai kwa kitambaa kisichovutika, kwa sababu fulana hukatwa ndogo kwa makusudi ikitegemea kuvutika huko. Sketi na blauzi pana ni mwanzo mzuri. Suruali isubiri, maana mkunjo wa msamba wake hausamehe makosa.

Kitambaa kinastahili muda kuliko kitu kingine chochote, na mimi humwambia kila anayeanza akiguse kabla hajaitazama rangi yake. Shika pembe moja ukiache kining'inie: kikianguka kwa mikunjo laini kitafaa kwa sketi ya kumwagika, kikisimama mbali na mkono kitafaa kwa kola, koti au marinda yanayotakiwa kubaki mahali pake. Kifumbate kwenye ngumi kwa muda kisha ukiachie, nawe utajua kitakunjamana kiasi gani mwilini baada ya kukaa kitini. Kinyooshe kwenye mwanga uone kama nyuzi zimebanana au zimeachana, kwa kuwa kitambaa kilichofumwa kwa kulegea huachana penye mishono hata mshono ukiwa mzuri. Kama hujui kimetengenezwa kwa nini, kata nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya sahani, uziwashe: pamba huungua ikinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na poliesta huyeyuka ikaacha kitone kigumu. Jambo hili si la udadisi tu. Litakuambia pasi iwe na moto kiasi gani, na kama vazi litavumiliwa na mwili siku ya joto.

Kwa mwanzo, chagua pamba ya uzito wa kati isiyoteleza, kwa mfano poplini. Hukatwa bila kukimbia mezani, huitii pasi na hufumuliwa bila kuacha alama. Hariri, kitambaa chepesi cha kuteleza na mahameli viache mpaka mkono utulie. Mahameli hasa, kwa kuwa manyoya yake yana mwelekeo, na vipande vikikatwa vikiwa vimeelekezwa kinyume, vazi moja litaonekana lina rangi mbili.

Kifue kitambaa kabla ya kukikata, kwa namna ileile utakayolifua vazi. Pamba na kitani hunywea katika maji ya kwanza, na kunywea kwa asilimia 5 kwenye sketi ya sentimita 100 ni sentimita 5 nzima, kiasi cha kulifanya pindo lipande juu ya kifundo cha mguu. Kikisha kukauka, kipige pasi, kisha utafute mwelekeo wa nyuzi. Nyuzi za mtande huenda sambamba na kingo mbili za kiwandani zisizofumuka, nazo ndizo zisizovutika sana. Nyuzi za mshindio huvuka toka ukingo mmoja hadi mwingine. Na mshazari wa digrii 45 kati ya hizo ndipo kitambaa kinapovutika kuliko kokote. Katika vipande vingi vya nguo mtande hushuka wima toka juu hadi chini ya mwili. Kipande kikiwekwa upande hata kwa sentimita chache ili kubana nafasi, mguu wa suruali utajizungusha kwenye kifundo na sketi itaelekea ubavu mmoja, na hakuna kupiga pasi kutakakorekebisha. Mbunifu wa Ufaransa Madeleine Vionnet alijenga sifa yake katika miaka ya 1920 na 1930 kwa kukata magauni katika mshazari ili yafuate mwili bila kubana, lakini alijaribia mikato yake kwanza kwenye mwanasesere mdogo wa mbao. Anayeanza atumie mshazari kwenye utepe wa kufungia shingo na kwapa, mahali ambapo kuvutika huko kunasaidia.

Kuhusu vipimo, omba mtu mwingine akupime, kwa kuwa mkono unaoinuka kushika utepe hubadilisha bega na kifua. Funga uzi kiunoni kwanza, uinameiname mpaka ukae mahali pake wenyewe, kisha vipimo vyote vya wima vianzie au viishie kwenye uzi huo. Urefu wa mgongo upimwe kutoka kwenye mfupa unaochomoza nyuma ya shingo. Kipimo cha mwili si kipimo cha nguo: kwa kitambaa kisichovutika, kifua cha sentimita 92 huhitaji blauzi ya takriban sentimita 100, vinginevyo mvaaji hawezi kuvuta pumzi wala kunyoosha mikono mbele. Hapo lipo kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya. Nguo ikibana kwapani, yeye hulichimba kwapa lizidi kwenda chini akidhani anauongezea mkono uhuru. Matokeo huwa kinyume: kwapa likishuka, kuinua mkono huinua ubavu wote wa vazi. Kwapa lililo juu, karibu na mwili, pamoja na mkono wenye upana wa kutosha sehemu ya juu, ndilo linalouacha mkono usogee huku vazi limetulia.

Sasa nafikia hatua ambayo wengi huiruka, nami nawasihi wasiiruke. Kabla ya kukata kitambaa chenyewe, kata vazi la majaribio kwa merikani au shuka kuukuu, lenye uzito unaokaribiana na ule wa kitambaa chako, ulishone kwa mishono mirefu ya milimita 4 au 5 ambayo hufumuka upesi. Usihangaike na pindo wala mifuko. Livae mbele ya kioo, simama kama unavyosimama siku zote, na utazame mikunjo. Mikunjo iliyokaza huelekeza kidole mahali panapobana: ikivuka mlalo kwenye nyonga, achia mishono ya pembeni, ikitoka kifuani kuelekea ubavuni, kifua kinahitaji nafasi zaidi. Mikunjo iliyolegea huonyesha kitambaa kilichozidi, nayo hupunguzwa kwa kukikunja na kukichoma pini hapohapo mwilini. Mkunjo unaolala mlalo chini ya shingo, kwa nyuma, mara nyingi humaanisha kwamba bega la kiolezo limeinama kuliko bega lako. Mkunjo unaotoka shingoni kushuka kwapani humaanisha kinyume chake. Pindo likipanda mbele tu, usiongeze kitambaa chini. Urefu unakosekana pale tumbo au kifua kilipochomoza. Rekebisha kuanzia mabegani kushuka, kwa sababu vazi la juu huning'inia mabegani na bega likikaa sawa kasoro nyingi za chini hutoweka zenyewe. Kisha uhamishie kila badiliko kwenye karatasi, bega la kulia na la kushoto kila moja peke yake, kwa maana ni watu wachache ambao mabega yao yamelingana kabisa.

Kwenye kukata nina maneno machache. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi. Kitambaa kilale chote mezani bila sehemu kuning'inia, na mkasi usiinuliwe, bali upande wake wa chini utambae juu ya meza. Shingo ikatwe ndogo kuliko unavyoitaka, kwa kuwa nafasi ya mshono ikishageuzwa ndani, tundu hupanuka pande zote.

Ukifika kwenye cherehani, jaribu kwanza mshono wa milimita 2.5 kwenye kipande cha kitambaa kilekile kilichokunjwa mara mbili. Namba ya sindano ni unene wake katika sehemu za mia za milimita, yaani namba 80 ni milimita 0.8, hiyo inafaa poplini, 70 inafaa vitambaa vyepesi, na jinzi huhitaji 100. Mashine ikiruka mishono, badilisha sindano kabla ya kugusa kitu kingine. Shona vazi likiwa bapa kadiri inavyowezekana: dati (mikunjo ya kushonwa inayolifanya vazi lifuate mwili) na mifuko kwanza, kisha mabega, kisha shingo, na mishono ya pembeni baadaye. Penye wasiwasi, piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda; dakika zinazotumika kupiga bandi ni chache kuliko za kufumua mkono uliokaa vibaya.

Pasi iwe moto muda wote unaposhona. Kila mshono upigwe pasi kabla haujavukwa na mshono mwingine, kwanza ukiwa umelala kama ulivyoshonwa ili nyuzi zizame, kisha ukiwa umefunguliwa. Pasi iinuliwe na kushushwa, isiburuzwe, kwa sababu kuburuza huvuta kitambaa kikapoteza umbo. Tofauti anayoiona mtu kati ya nguo ya mwanafunzi na ya fundi mara nyingi ni pasi hiyo ya katikati ya kazi, ambayo haiwezi kufidiwa kwa kupiga pasi mwishoni.

Pindo liwe la mwisho. Sketi pana, na hasa iliyokatwa mshazari, itundikwe usiku mzima kabla ya kupimwa pindo, maana baadhi ya sehemu zitashuka kuliko nyingine. Kisha uivae, umpe mtu rula apime toka sakafuni kuzunguka mwili wote, na chaki ifuate alama hizo hata kama ukingo wa chini unaonekana umepinda mezani. Vazi likiisha, livae siku nzima ukifanya shughuli zako za kawaida, ulifue, na uandike juu ya kiolezo chenyewe ulichokigundua: kiuno kishushwe sentimita 1, mfuko usogezwe mbele, mkono upunguzwe. Andika na tarehe, na jina la kitambaa, kabla ya kukikunja kiolezo na kukiweka kwenye bahasha.