Watoto wangu hawawezi safari bila simu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 10, 7 na 4. Tunaishi Makorora, hapa Tanga. Kila likizo tunakwenda Dar kwa gari letu kuwaona wakwe zangu, na njia nzima watoto wanagombania simu. Nikiwanyima ni vilio. Nikiwapa, wa kati anatapika hata Mkata hatujafika. Baba yao anasema niwaache tu, angalau gari linakuwa kimya. Desemba tunasafiri tena, na nimeshaanza kuiogopa safari. Nifanyeje?*
*Mama Watatu*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo anayetapika. Si deko wala si tumbo bovu. Akiinamia simu, macho yake yanaona kitu kilichotulia, huku sikio la ndani linahisi gari likikata kona na kupanda matuta. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana, na ndipo kichefuchefu kinapoanza. Watoto wa rika lake ndio wanaosumbuliwa zaidi. Mkalishe mahali anapoweza kuona mbali mbele, asile vitu vya mafuta asubuhi ya safari, na kioo mkishushe kidogo. Kwake yeye, simu garini basi kabisa.

Hao wawili wengine, usiwapokonye simu ukawaacha mikono mitupu. Kutoka Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350. Mtoto atakayekaa saa zote hizo akitazama kisogo cha baba yake ana haki ya kulia. Mpe kitu badala yake, na kitu chenyewe unacho tangu utotoni: vitendawili. Ila vichezeni kwa kuifuata njia.

Unajua asiyejua jibu huambiwa "nipe mji". Basi wekeni sharti: mji unaotolewa lazima uwe wa mbele yenu, ambao hamjaupita bado. Mkiwa Pongwe, miji ni tele: Muheza, Hale, Segera, Kabuku, Mkata, Msata. Mkishavuka Mto Wami imebaki ya kuhesabu, na hapo utawaona wanavyofikiri kabla ya kusema wameshindwa.

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Kuku wangu katagia mibani."
"Tumeshindwa."
"Nipeni mji."
"Tunakupa Segera!"
"Segera nilikwenda, nikakaribishwa, nikapewa maji ya kunywa na mkeka wa kulalia. Kuku wangu katagia mibani: nanasi."

Yule wa miaka minne hatajua majibu, lakini atashika "Tega!" na ataitamka kwa sauti kuliko wote. Mwache. Naye mkubwa, mwambie atunge vyake kutokana na anachokiona dirishani. Mtoto wa miaka 10 akishatunga kitendawili kimoja kikawashinda wazazi, simu hataitaja tena mpaka Msata.

Mkifika kwenye mashamba ya mkonge, punguzeni mwendo wa maneno. Waonyeshe ule mlingoti mrefu unaochomoza katikati ya majani. Waambie mkonge huchanua mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa, na pale juu kwenye mlingoti huachia vichipukizi vinavyoanguka na kuota. Halafu waulize wakisie: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vingapi vilifika vikiwa hai? Kila mmoja aseme namba yake. Jibu ni 62. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalianza na hivyo 62. Mtoto wa hapa kwetu anayapita mashamba hayo kila likizo. Naona vibaya akue bila kuijua habari hii.

Ugomvi wa kukaa dirishani umalizeni kwa miji pia: mnabadilishana Segera, Mkata na Msata. Mmoja awe konda, agawe maji na atangaze kituo kinachofuata. Mwingine asimamie vibao vya 50, amkumbushe baba apunguze mwendo. Na mkisimama, msisimame kwa ajili ya chai tu. Tafuteni uwanja ulio mbali na barabara, wacheze rede dakika kumi na mpira wa soksi. Mwili uliochoka kwa kukimbia hukaa garini bila kusukumana.

Sasa nikuguse wewe, na nakugusa kwa mapenzi. Katika barua yako hukusema simu yako inakuwa wapi. Ikiwa wewe umekaa mbele unajibu ujumbe wa kikundi cha harusi, hakuna kitendawili kitakachofika hata Muheza. Iweke kwenye mkoba, ikilia kwa dharura utaisikia. Na baba watoto mwambie hivi: ukimya anaoupenda ni wa watoto watatu waliokaa naye saa sita na wasimsikie. Miaka michache tu ijayo huyo wa kwanza atakuwa bweni, na viti vya nyuma vitakuwa kimya vyenyewe.

Safari ya kwanza watanung'unika, hasa kati ya Mkata na Msata ambako njia ni ndefu. Usirudi nyuma. Hapo ndipo ufungue machungwa mliyonunua Muheza, wamenye wenyewe.

Na kitendawili cha kwanza akitege baba yao, mkishapita Pongwe. Mpe hiki: *Ajenga ingawa hana mikono.* Jibu ni ndege, lakini usimnong'oneze mtu.