Kwa Mnaoanza Kusoma Mifupa: Anzeni na Miili Yenu

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza wa uganga na uuguzi hapa Kigoma, najua kinachowanyima usingizi ni ile 206, idadi ya mifupa ya mtu mzima. Msianze kwa kuikariri kutoka fuvu kwenda chini, maana mtafika kwenye mbavu mmeshasahau taya. Viganja viwili pamoja na vifundo vyake vina mifupa 54, nyayo mbili 52. Hapo tayari ni 106, zaidi ya nusu ya mwili mzima, na ya kushoto ina majina yaleyale ya kulia. Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, inakaribia 300, kwa kuwa baadhi bado ni vipande vitakavyoungana akikua. Sakramu, mfupa wa chini ya kiuno kwa nyuma, kwa mfano, ni pingili 5 za uti wa mgongo zilizoshikana zikawa mfupa mmoja.

Kisha jishike. Pitisha kidole kwenye mtulinga kutoka juu ya kidari hadi begani, wote uko chini ya ngozi tu. Shuka kwenye muundi, mbele ya mguu chini ya goti. Hapo hakuna nyama ya kuufunika, ndiyo maana ukivunjika hutokeza nje kirahisi. Nenda chini kabisa, shika zile nundu mbili za kifundo cha mguu. Ya ndani ni mwisho wa muundi, ya nje ni mwisho wa fibula, ule mfupa mwembamba ulio pembeni ya muundi, nayo iko chini kidogo kuliko mwenzake. Kila mwaka kuna wanaozichanganya kwenye mtihani wa vitendo, ilhali jibu wamelivalia soksi.

Ile mifupa ya plastiki ya maabara itawafaa, ila msiitegemee kupita kiasi. Imeshikizwa kwa waya na skrubu, kwa hiyo haikuonyeshi kinachoshika mfupa kwa mfupa. Kwa hilo nendeni bucha. Pale soko la Mwanga, mwombe muuza nyama akukatie goti la mbuzi akiliacha zima, asilipige shoka. Lifungue taratibu kwa kisu kidogo. Kamba nyeupe ngumu zinazotoka mfupa hadi mfupa ni ligamenti. Inayotoka kwenye msuli ikaja kushika mfupa ni kano. Ukipasua kifuko kinachozunguka kiungo utakuta maji yanayoteleza kama ute wa yai. Humo ndani kuna vipande viwili vilivyopinda, hivyo ni meniski. Na ncha za mifupa zimevikwa kitu cheupe kinachong'aa, laini ukikipapasa, kigumu ukikibonyeza: gegedu. Haina mishipa ya damu, inalishwa na ule ute, ndiyo maana ikishalika ni vigumu kurudi.

Jioni tafuta mifupa miwili ya paja la kuku. Mmoja uloweke kwenye siki kwa siku kadhaa, ukibadilisha siki. Asidi itaondoa madini ya kalisi, utabaki na kitu kinachopinda bila kuvunjika. Hiyo ni kolajeni. Wa pili uchome kwenye jiko la mkaa hadi uwe mweupe. Kolajeni imeungua, madini yamebaki, na ukiubana unasagika. Kolajeni hiyohiyo ndiyo imejaa kwenye kano na ligamenti, na ndiyo inayogeuka jelatini supu ya makongoro ikichemka saa nyingi mpaka midomo inanatana. (Somo pekee la mwaka wa kwanza linaloliwa na chapati.)

Aina za viungo zisiwachoshe, zipo kwenye kila kitini. Jiulizeni tu kila kiungo kimepoteza nini ili kipate nini. Bega lina kikombe kifupi, mkono unazunguka kila upande, na gharama yake ni kwamba linateguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa. Nyonga imezamisha kichwa cha mfupa wa paja ndani kabisa, ikabanwa na ligamenti nene. Ukiona imetoka kwa kijana mzima, jua kuna nguvu kubwa iliyopita hapo, mara nyingi ni ajali ya gari au pikipiki.

Na kwa mkoa wetu huu, mtakutana na aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi. Atalalamikia kisigino. Fuateni njia ya ule mshindo: kisigino, talasi (mfupa wa kifundo ulio juu ya kisigino), muundi, goti, paja, nyonga, sakramu, pingili za kiuno. Aliyetua kwa miguu anaweza kuwa amevunja kisigino na pingili kwa mara moja, na maumivu ya kisigino yakaficha ya mgongo. Msimwinue akae. Muulizeni kama anahisi mkimgusa vidole vya miguu na kama anaweza kuvichezesha. Mkitaka kumpapasa mgongo, mgeuzeni watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda mstari mmoja, mshuke pingili kwa pingili, ndipo mrudi kwenye kisigino chake.